Rupia mbili za Mjerumani nilizoagiza mtandaoni, moja shaba tupu

Nina mwaka wa tatu nakusanya rupia za Mjerumani, zile sarafu za fedha zenye Kaizari Wilhelm II kavaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na mwezi uliopita nikaagiza mbili kwa jamaa anauza mtandaoni (jina naliacha), laki moja na tisini zote, mzigo ukafika kwa basi kesho yake umefungwa kwenye pamba vizuri kabisa, hapo sina neno.

Ya kwanza ni ya 1890, ile ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, nyuma ina simba na mnazi, inang'aa kama kijiko cha harusi nikasema basi hapa nimepigwa. Ya pili 1910 ina herufi J, yani ilitengenezwa Hamburg, zenye A ndo za Berlin, hiyo imeingia weusi mpaka kwenye masharubu ya Kaizari nikaipenda palepale.

Nikaenda kwa sonara Kariakoo anipimie. Rupia halali ni gramu 11.66, ikichakaa inapungua kidogo. Ile ya kung'aa ikasoma 11.4. Ile niliyoipenda 9.2! Mzee akaisugua kwa kitambaa chenye dawa, weusi ukatoka wote na chini njano, akanirudishia, "mwanangu, hii shaba, wameipaka."

Na ya 1890 nayo ina lake. Pale ukingoni juu ya tai kuna kidonda cha risasi ya kulehemea, bibi wa watu aliivaa kidani, halafu mtu kang'oa kile kipete cha kupitishia mkufu akaisugua na dawa ya kusafishia vyombo, alama za nywele nywele zimejaa. Wakati tangazo liliandika "haijaguswa". Bei yake imeshuka hapo ila siiuzi, kilichovaliwa na mtu nakipenda zaidi, na ni ya enzi rupia moja ni pesa 64, kabla ya 1904 hawajaleta heller 100 ambazo ndo mpaka leo tunaziita hela.

Kumrudia muuzaji ananiambia "boss mi nauza kama nilivyopata", tukavutana siku nne akarudisha elfu sitini kisha kimya. Sasa hivi kabla sijatuma hela naomba picha ya sarafu ikiwa juu ya mzani namba zinaonekana, akikataa naachana nae.

Nyota mbili, moja ni ya pamba.