Duka chini, ofisi juu: ununue kifaa gani kuunganisha mitandao miwili Nairobi

Mtu akiniambia ana mtandao mmoja dukani na mwingine ofisini ghorofa ya tatu, na sasa anataka viongee, kabla ya kumtajia kifaa chochote humuuliza: vikishaungana, unataka kila mtu aone kila kitu? Wengi hunitazama tu. Walitaka printa ya chini ipokee kazi kutoka juu, basi. Hawakufikiria kwamba simu ya mteja aliyepewa neno la siri la waifai pale kaunta itaweza pia kuifikia kompyuta yenye mishahara.

Ukitaka pande zote ziwe kitu kimoja, unahitaji swichi. Ukitaka ziongee lakini kuwe na mlango katikati unaoweza kuufunga, unahitaji ruta. Umbali ukizidi, au barabara ikipita kati, ndipo faiba na redio zinapoingia. Nimevipanga kwa namna ambavyo ningevinunua kwa pesa zangu. Bei nilizotaja ni za kukadiria, kwa sababu hupanda na kushuka na dola.

Namba moja: ruta ndogo ya waya yenye matundu matano

Kwa biashara nyingi ndogo za mjini, hiki ndicho kifaa. Ninachokipendekeza mara nyingi ni MikroTik hEX, kiboksi kisichofika ukubwa wa Biblia ya mfukoni, kilichotengenezwa na kampuni ya Latvia. Kina matundu matano ya gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde), hakina waifai, na kwa kawaida hupatikana kwa chini kidogo au juu kidogo ya shilingi elfu kumi. Modeli ya RB750Gr3 hupokea umeme wa volti 8 hadi 30, kwa hiyo stima ikipotea kinaendelea kufanya kazi kwa betri ya volti 12, kama ile ya kamera za ulinzi. Kwa mtu anayefanya kazi hapa Nairobi, sifa hiyo peke yake ina thamani kubwa.

Mpangilio wenyewe ni huu. Tundu la kwanza linaenda kwenye kifaa cha kampuni ya intaneti. La pili na la tatu ni la duka, tuseme lenye anwani za 192.168.10.x. La nne na la tano ni la ofisi, 192.168.20.x. Kikitoka dukani, matundu ya pili hadi ya tano huwa yamefungwa pamoja kama swichi, kwa hiyo lazima uyatoe mawili kwenye kundi hilo na kuyapa anwani zao. Kisha unaandika sheria: ofisi iifikie printa ya duka, duka lisiifikie ofisi, na majibu ya mazungumzo yaliyoanzishwa na ofisi yaruhusiwe kurudi. Hiyo ya mwisho ukiisahau, printa itaonekana imekufa na utahangaika mchana kutwa.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni anwani kufanana. Vifaa vingi vya faiba vya Huawei vinavyofungwa majumbani hutoa 192.168.100.x, na ruta nyingine nyingi hutoa 192.168.1.x au 192.168.0.x. Ukiwa na intaneti ya kampuni moja juu na chini, pande zote mbili zinaweza kuwa na anwani zilezile, na hakuna ruta duniani itakayojua data inaelekea upande gani. Badilisha upande mmoja kabla ya kuchomeka chochote. Mtego wa pili ni waifai ya kile kifaa cha kampuni. Simu na kompyuta zinazoendelea kuitumia zinabaki nje ya ruta yako, hazioni duka wala ofisi. Izime, uweke vifaa vya waifai nyuma ya hEX.

Siwezi kuisifu MikroTik bila kusema kwamba kuipanga kunahitaji mtu anayeijua. Mwaka 2018 ulipatikana udhaifu wa usalama kwenye Winbox, huduma yake ya kuipanga kutoka kwenye kompyuta, na ruta nyingi sana ulimwenguni zikatekwa kwa sababu wenyewe hawakuwa wamesasisha programu. Sasisha siku ileile unayoifunga, weka neno la siri lako, na funga njia za kuiendesha kutoka nje. Kama huna fundi wa kumwamini na unataka kurasa za kubonyezabonyeza kwenye kivinjari, TP-Link ER605 nayo ina matundu matano ya gigabiti, na bei zao hazipishani sana.

Ndugu mdogo wa hEX, hAP lite, ni wa bei nafuu zaidi na ana waifai, lakini matundu yake ni ya megabiti 100. Kwa printa na intaneti inatosha. Kwa mafaili ya picha haitoshi: faili la gigabaiti 4 litachukua kama dakika sita, wakati gigabiti huweza kulimaliza ndani ya dakika moja kama diski zako zina kasi.

Namba mbili: swichi ya kawaida

Familia moja, ploti moja, watu wanaoaminiana: usijisumbue na ruta. Swichi ya gigabiti yenye matundu matano, kama TL-SG105 ya chuma, hupatikana kwa shilingi elfu mbili na kitu hadi tatu na kitu. Zile za plastiki za megabiti 100 ni nusu ya bei hiyo au chini, na kwa tofauti ndogo namna hiyo mimi sizinunui tena.

Zingatia mambo mawili tu. Kila upande ukiwa na ruta yake inayogawa anwani, zima ugawaji wa mmoja, la sivyo vifaa vitapokea anwani ovyoovyo, leo vinafanya kazi kesho havifanyi. Na usichomeke waya mbili kati ya swichi zilezile ukidhani unaongeza kasi. Swichi hizi za bei ya chini haziwezi kujitoa kwenye mzunguko huo, na mtandao mzima utasimama.

Muuzaji anaweza kukuambia uongeze kidogo upate swichi yenye VLAN, yaani inayoweza kugawanywa iwe mitandao kadhaa, kama TL-SG108E. Ni swichi nzuri. Lakini kazi yake ni kutenganisha. Ili VLAN mbili ziongee bado utahitaji ruta, na nimekutana na watu waliotoa pesa wakidhani wameshamaliza.

Namba tatu: faiba na vigeuzi viwili

Majengo mawili ndani ya geti moja, kila moja na mita yake ya stima: hapo mimi navuta faiba hata kama umbali ni mita 60 na waya wa shaba ungefika. Shaba kati ya majengo yenye ardhi (earth) tofauti za umeme hubeba tofauti hiyo hadi kwenye matundu ya vifaa vyako, na radi ikipiga jirani wakati wa mvua za masika, inapita humohumo. Faiba ni kioo, haipitishi umeme.

Utahitaji kila upande kigeuzi kimoja, cha kugeuza mwanga wa faiba kuwa ishara za waya wa kawaida na kinyume chake, na jozi huuzwa kwa elfu kadhaa tu. Vigeuzi vya uzi mmoja huja A na B: kimoja hutuma kwa nanomita 1310 na kupokea kwa 1550, mwenzake kinyume. Niliwahi kubeba A mbili kutoka mjini hadi Ruai bila kuangalia kibandiko. Taa hazikuwaka, nikarudi mjini kwa matatu siku hiyohiyo. Gharama ya kuunganisha ncha za uzi muulize fundi mapema, kwani mara nyingi inazidi bei ya vigeuzi.

Namba nne: redio mbili za kuelekezana

Ukivuka barabara huna ruhusa ya kutundika waya, na nguzo za Kenya Power si zako. Hapo redio, yaani antena mbili zinazotazamana na kurushiana data hewani, ndiyo njia. Jozi ya TP-Link CPE510 inatosha kwa wengi, ila tundu lake ni la megabiti 100, kwa hiyo usitarajie kupita hapo, hata kama tangazo la kwenye boksi limeandikwa 300. Ubiquiti LiteBeam 5AC Gen2 ina tundu la gigabiti na sahani inayobana mawimbi vizuri zaidi, na bei yake iko juu kidogo. Kumbuka huuzwa mojamoja, wewe unahitaji mbili.

Chagua ya gigahezi 5. Kwenye mitaa ya maghorofa kama Umoja au Pipeline, gigahezi 2.4 imejaa waifai za majirani. Kuona paa la pili kwa macho hakutoshi: kwa umbali wa mita 300, mawimbi yanahitaji nafasi wazi ya kama mita mbili kila upande wa mstari, pale katikati. Mkaratusi wenye majani mabichi yaliyolowa mvua utakula mawimbi hayo. Na usibadilishane adapta za redio hizi na za vifaa vingine, kwani umeme zinaoupitisha kwenye waya wa mtandao ni wa aina yake na unaweza kuunguza tundu la kamera au simu ya mezani.

Namba tano: kompyuta ya mtumba yenye kadi mbili za mtandao

Inafanya kazi, na kwa mwanafunzi anayejifunza ni shule nzuri kabisa. Kwa biashara inakula stima usiku na mchana, na feni yake itajaa vumbi. Kama unayo tayari nyumbani, itumie. Usiende kuinunua kwa kazi hii.

Vile vya kupitisha mtandao kwenye nyaya za stima siviweki kwenye orodha. Kwenye fleti ambazo kila nyumba ina mita yake ya tokeni, mara nyingi havionani.

Waya wenyewe ununue kwa uangalifu kuliko kifaa. Kwenye maduka ya mtaa wa Luthuli utaoneshwa boksi la waya wa Cat6 la mita 305 kwa bei inayovutia, na likiwa jepesi mkononi, omba kipande ukwangue uzi kwa wembe. Ukiona weupe chini ya ule wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika inapokunjwa na haifai kupeleka umeme kwenye redio. Kipande kimoja kisizidi mita 100, na kinachopita nje kiwe cha ganda jeusi lililokusudiwa matumizi ya nje.

Fundi akimaliza, kaeni naye kabla hujalipa. Tuma kazi kwenye printa kutoka juu, nakili faili moja kubwa huku ukitazama saa, kisha chukua simu iliyo kwenye waifai ya wateja ujaribu kufungua kompyuta ya mishahara. Zimeni stima kwenye swichi kuu, washeni tena, mrudie yote matatu.