Bodi za koki nyeusi za Ureno: bei iko juu ila ukuta wa magharibi umepoa

Hii review nawaandikia hasa mlioko Ureno mnaokarabati vijumba vya zamani kule Alentejo na Setúbal, maana kila nikiposti picha ya ukuta wangu naulizwa ile nyeusi ni nini. Ni koki jamani, hii hii ya vizibo vya chupa za mvinyo, inasagwa na kugandishwa inakuwa bodi ya mita moja kwa nusu mita, na mimi nimeifunga nje ya nyumba upande wa magharibi, unene sentimita 10, bila kupiga plasta juu yake. Hapo kwenye plasta ndo tunabishana na mafundi wengi wa huku.

Kwanza inavyopatikana, kwa sababu hapo ndo iliponikamata moyo. Mti wenyewe unaitwa sobreiro, ni aina ya mwaloni, na Ureno peke yake inatoa karibu nusu ya koki yote duniani. Mti haukatwi, unavuliwa ganda tu. Unasubiriwa kama miaka 25 ndo uvuliwe mara ya kwanza, halafu kila baada ya miaka 9, sheria ndo inasema hivyo, na ukipita barabara za Alentejo utaona namba imeandikwa kwa rangi kwenye shina, ukiona 4 maana yake ulivuliwa 2024 kwa hiyo hakuna wa kuugusa mpaka 2033. Wanavua kwa shoka wakati wa joto ganda linapoachia, na anayevua lazima awe na mkono unaojua maana akizamisha shoka sana anaujeruhi mti. Ganda zuri linaenda kwenye vizibo. Bodi hizi zinatoka kwenye ganda gumu la matawi yaliyopogolewa, wenyewe wanaliita falca, ambalo kwa kizibo halifai kabisa. Linasagwa, linawekwa kwenye chombo cha presha, linapigwa mvuke wa zaidi ya nyuzi 300, punje zinavimba na utomvu wake wenyewe unazishikanisha. Gundi hakuna. Ule weusi ni wa kuungua kidogo, na ukifungua pakiti inanukia moshi, nje harufu inaisha mapema ila ndani ya chumba inachelewa kutoka, mwenye pua nyepesi alijue hilo kabla hajanunua.

Sasa kazi yake. Kwa kuzuia joto peke yake, sentimita kwa sentimita, koki haiishindi stairofomu, ile foam nyeupe nyepesi ya kuzuia joto, stairofomu ya kawaida inaipita kidogo na muuzaji wa koki hawezi kukuambia hilo. Lakini stairofomu ni kilo 15 hadi 20 kwa mita moja ya ujazo, na koki inazidi 100, ile ya nje inafika 140 na zaidi, na uzito huo ndo unafanya joto lichelewe kupita. Huku kwetu jua la Julai linaupiga ukuta wa magharibi mchana wote mpaka karibu saa tatu usiku, zamani ukiugusa kwa ndani saa nne usiku ni kama sufuria iliyotoka jikoni, watoto hawalali. Sasa hivi joto likija kufika ndani hewa ya nje imeshapoa, unafungua madirisha, mnalala. Na kelele za malori zimepungua kweli, hiyo sikuifuata ila nimeifurahia kuliko nilivyotegemea.

Turudi kwenye plasta. Fundi atakwambia weka wavu, piga simenti, paka rangi, nyumba ifanane na za jirani. Mimi nasema ukifanya hivyo umelipa hela ya koki ukaizika. Wasanifu majengo wa Ureno Álvaro Siza na Eduardo Souto de Moura waliiacha wazi kwenye banda la Ureno la Expo 2000, maonyesho ya dunia kule Hanover, Ujerumani, lile ambalo baadaye lilibomolewa likajengwa tena Coimbra pembeni ya mto Mondego. Évora kuna hoteli aliyoichora José Carlos Cruz, jengo kubwa la katikati limevikwa koki nje. Hata Uingereza, Eton, 2019 walimaliza nyumba ya vitalu 1,268 vya koki ya Ureno, kuta mpaka paa, bila gundi. Hawa watu hawakukosa hela ya plasta! Koki inapitisha unyevu ukatoka, na nyumba nyingi za zamani za Alentejo ni za taipa, udongo ulioshindiliwa, ukuta unaohitaji kupumua, ukiubana na simenti unajiletea ukungu, na anayejua kipupwe cha huku anajua ukungu ulivyo. Kama lazima uifunike basi tumia chokaa.

Ikiwa wazi itapauka, toka kahawia nzito kwenda kijivu, na haipauki sawasawa, chini ya mabati ya paa inabaki nyeusi. Mimi naona ni uzuri, mke wangu bado hajakubali.

Kuhusu kununua, angalia sana. Kuna bodi ya kawaida ya kufunikwa na kuna ya nje iliyo nzito zaidi, kwa macho zinafanana, na duka moja la vifaa nilipoagiza ya nje waliniletea mchanganyiko, nikazijua kwa kuzinyanyua tu. Soma lebo, itafute EN 13170, namba ya kiwango cha Ulaya cha bodi hizi za koki, na uzito wake kabla gari halijaondoka. Inakatika vizuri kwa msumeno wa meno madogo, ila pembe zinamomonyoka kwa hiyo agiza za ziada, na mstari wa kwanza uuinue kutoka ardhini maji ya mvua yasiirukie. Moto ikiupata inaungua polepole, haiyeyuki ikadondoka, lakini kwenye ghorofa uliza sheria kwanza.

Bei mimi nimelipa zaidi ya mara mbili ya stairofomu ya unene ule ule. Kwa ukuta unaopigwa na jua la mchana ningelipa tena leo. Kwa ukuta wa kaskazini ambao hauoni jua ningeweka kitu cha bei nafuu, na kama nyumba yako imekaa mpakani kabisa na njia ya watembea kwa miguu pita kwanza câmara, yaani halmashauri ya mji, uombe kibali, sentimita 10 kwenda barabarani hawakuachii hivi hivi.