Sinatra na Basie, 1964: anza na gitaa

Ukinunua albamu ya *It Might as Well Be Swing* kwa ajili ya sauti ya mwimbaji Frank Sinatra hutajuta, ila mwenye nyumba humu ni bendi ya jazi ya mpiga piano Count Basie. Nyimbo ni 10, zote pamoja hazifiki nusu saa, na mipangilio ya ala ni ya Quincy Jones.

"Fly Me to the Moon" inafungua albamu na hakuna inayoifikia. Bart Howard aliitunga 1954 kwa mwendo wa wolsi, mapigo matatu. Hapa imegeuzwa mapigo manne, na hivyo ndivyo wengi wanavyoijua leo. Mwanzoni kuna dramu za taratibu, besi inayotembea, na Basie anayedondoa noti mbili tatu za piano kisha ananyamaza. Matarumbeta na matromboni yanazuiwa mpaka hamu ikupande, ndipo yanaachiwa.

Chini ya yote hayo yupo mpiga gitaa Freddie Green, aliyekuwa na Basie tangu 1937. Gitaa lake halina umeme. Anakwaruza pigo baada ya pigo, manne kwa manne, wala haombi solo. Mpenzi wa muziki wa dansi atalitambua: ni gitaa la rithimu, ila hili halina madoido. Ndilo la kwanza kupotea pia. Spika ya simu inakata besi, na spika ya bluetooth iliyojazwa besi inameza gitaa. Ukisikia "du-du-du" ya besi bila ule mkwaruzo wa "chak" juu yake, punguza besi au vaa hedifoni. Kiasi cha sauti kipime pale bendi nzima inapolia. Ukikipima kwenye utangulizi ulio mtulivu, masikio yatakoma.

Kinachokera ni fidla zilizoongezwa kwenye baadhi ya nyimbo. Bendi hii haikuwa na pengo la kuzibwa. "Wives and Lovers", nayo wolsi iliyolazimishwa mapigo manne, imebaki bila yale mayumbo yake matamu. "Hello, Dolly!" na salamu zake kwa mwanajazi Louis Armstrong ni utani wa kusikiliza mara moja. Ruka uende "The Best Is Yet to Come".

Kwa santuri iliyotumika, jaribu wimbo wa mwisho wa kila upande kabla ya kutoa pesa. Upotofu wa sauti huanzia huko karibu na lebo ya katikati, na utausikia kwenye "s" za Sinatra: zikichanika kama karatasi, irudishe rafuni.