Nimempeleka mama mdogo kupimwa ziwa: daktari namsifu, kaunta hapana

Jina la kliniki silitaji. Waliokwenda wataijua kwa ile ngazi yake nyembamba na paka wa mlangoni. Mama mdogo ana miaka 58. Aligusa kijitonge ziwa la kushoto mwezi wa Shaabani, akasema Idi ipite kwanza. Tulitoka Wete usiku tuiwahi boti Mkoani, tukateremka Malindi ya Unguja yeye bado anatapika.

Nianze na baya. Ukumbi ni mmoja kwa wote, wa eksirei na wa mimba. Kijana wa kaunta akapaza sauti: "Nani mwenye ziwa?" Wanaume sita wamekaa pale! Mama mdogo akavuta ushungi mpaka puani. "Mwanangu, turudi kwetu." Nikamshika mkono. Kijana hakukusudia ubaya, lakini wapo watakaoteremka ile ngazi na wasipande tena.

Ndani, mambo mengine kabisa. Daktari ni mwanamke, na ile jeli aliipasha viganjani kwanza. Akapima ziwa, akapima na kwapa, kisha akageuza kioo cha ultrasaundi tuone: doa jeusi, kingo zake kama kanga iliyochanwa kwa meno, na limesimama wima. Vijitonge vingi vya ziwa si saratani, akasema, na visivyo na madhara mara nyingi huwa laini pembeni na vimelala. Hiki hakikumpendeza.

Mama mdogo akabisha. "Mimi nimenyonyesha watano, na kwetu hajapata mtu."

"Kunyonyesha kunapunguza, bibi, hakufuti. Na wengi wanaougua hawana jamaa aliyeugua. Kuwa mwanamke na umri kwenda, hayo ndiyo makubwa."

Mamogramu, ile eksirei ya ziwa, hawana, tukapelekwa kwingine, siku ikaisha barabarani.

Kesho yake ndiyo biopsi, kutolewa vipande vya uvimbe vikapimwe. Ule mtambo wa sindano hulia ta! kama stepla, kwa hivyo daktari aliupiga hewani mara mbili asije akashtuka. Ganzi, kisha vipande vinne vyembamba kama tambi, ndani ya kichupa. "Tazama, vimezama. Mafuta matupu yangeelea." Mimi ni mshoni, sindano ndiyo kazi yangu, lakini jasho lilinitoka. Mgonjwa mwenyewe anasoma Ayatul Kursiy, hakutikisika.

Majibu tuliahidiwa siku 10, yakaja siku ya 24: saratani ya mirija ya maziwa, daraja la 2. Basi. Kumbe kipimo cha vipokezi vya homoni (kujua kama saratani inalishwa na homoni za mwili) na kile cha HER2 (protini inayoichochea ikue) hulipiwa mbali, na hakuna aliyetwambia tulipokuwa pale. Hili limeniuma kuliko yule kijana. Saratani ya mirija ndiyo ya wengi, lakini wanawake wawili wenye hiyo hiyo wanaweza wakapewa dawa mbalimbali na mwisho wao usifanane, na vipimo hivyo ndivyo vinavyowatenganisha. Tukalipa tena, tukangoja tena. Homoni: ndiyo. HER2: hapana.

Hapo mama mdogo akauliza lake. "Nimebakiwa na miaka mingapi, daktari?"

Hesabu hakumpa. Alimchorea ziwa nyuma ya bahasha: uvimbe sentimita 1.8, kwapani ultrasaundi haikuona tezi iliyovimba, na vipokezi vipo, kwa hivyo vidonge vya kuzuia homoni vitamfaa baada ya upasuaji. Yote matatu ni heri kwake, akasema, ila kwapa litathibitishwa siku ya kupasuliwa. Akatuonya tusichanganye: daraja ni sura ya seli, hatua ni umbali ugonjwa ulikofika. Bahasha ile mama mdogo anailalia chini ya mto.

Daktari nyota 5, kaunta 2. Mkienda vaeni blauzi ya vifungo mbele, mchukue pesa taslimu, na kabla ya sindano muulize vipokezi vimo kwenye bei au la. Pale kaunta tajeni jina tu, ugonjwa mkautaje ndani.