Return of the Obra Dinn: gemu inayokuachia ufikiri mwenyewe

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo naanza na hukumu kabisa, ili asiye na muda aondoke na jibu lake: kama unapenda kufikiri, Return of the Obra Dinn inunue. Atakayebaki nitamweleza kwa nini, na humo humo nitagusa aina nzima ya gemu hizi za safari na mafumbo, ambazo watu wengi huzipita wakidhani zinachosha.

Msiogope, sitataja nani alimuua nani. Nitagusia kifo cha kwanza tu, na hicho gemu yenyewe inakuonyesha dakika za mwanzo.

Haya. Mwaka ni 1807. Merikebu iitwayo Obra Dinn iliondoka London mwaka 1802 kuelekea mashariki, ikapotea, ikahesabiwa kuwa imezama. Sasa imejitokeza yenyewe karibu na bandari ya Falmouth, Uingereza, na ndani yake hakuna aliye hai. Wewe ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya Uhindi Mashariki, kampuni kubwa ya Kiingereza ya biashara ya enzi hizo. Unapanda na kitabu kimoja. Merikebu ilibeba watu 60, na kwa kila mmoja unatakiwa ujaze mambo matatu: huyu ni nani, amepatwa na nini, na kama ameuawa, aliyemuua ni nani. Kazi yako ni hiyo tu. Hupigani na mtu, hukimbizwi na mtu.

Kifaa chako kikubwa ni saa ya mfukoni. Ukiifungua mbele ya maiti, skrini inakuwa nyeusi na unasikia sekunde za mwisho za mtu huyo: mazungumzo, hatua za miguu, mbao zikilia, mlio wa bunduki. Maneno yanaandikwa pia, kwa hiyo sauti isipokuingia vizuri utasoma. Halafu ghafla unajikuta umesimama ndani ya tukio lenyewe, sekunde ile ile ya kifo, na kila kitu kimeganda. Moshi wa baruti umesimama hewani. Mtu ameachama mdomo katikati ya ukelele. Unaweza kuzunguka, kuchungulia chumba cha pili, kutazama nani amesimama na nani.

Kifo cha kwanza kinakufundisha namna ya kusoma. Nje ya mlango watu wanapaza sauti: nahodha, fungua mlango! Mlango unafunguka, aliye ndani anafyatua, mmoja anaanguka. Umeshampata nahodha, kwa sababu wameitana kwa cheo. Utadhani sasa vyote vitakuwa hivyo. Wapi! Baada ya hapo hakuna anayekusaidia. Unabaki na orodha ya majina yenye cheo na nchi ya kila mtu, michoro ya mabaharia iliyochorwa na msanii aliyekuwa melini, na ramani ya sitaha zote. Mengine utayaona kwa macho yako.

Hapa ndipo utamu ulipo, na nataka tukae hapa kidogo.

Mtu anapita nyuma kabisa ya tukio, hahusiki na kifo chochote. Amevaa aproni. Je, ni mpishi? Labda, lakini hata msaidizi wa daktari anaweza kuvaa aproni. Unakumbuka uliona mtu anayefanana naye kwenye tukio jingine, jikoni, ameshika kisu. Bado haitoshi. Unarudi kwenye mchoro, unaona amekaa na watu gani. Unasikiliza tena sauti, unasikia lafudhi. Mmoja anajibu kwa lugha nyingine, na orodha inasema kuna mabaharia kutoka China, Urusi, Denmark, Uhindi. Serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, ana watu wake wanaomfuata, seremala ana vifaa vyake, maofisa wana vyumba vyao na sare zao. Vitu hivi vyote vilikuwa mbele yako tangu mwanzo. Gemu haikuvificha, ila ulikuwa bado hujajua kwamba ni ushahidi.

Halafu kuna sheria moja ambayo kwangu mimi ndiyo moyo wa gemu. Kitabu hakithibitishi jibu moja moja. Ni mpaka uwe na hatima za watu watatu zilizo sahihi kabisa, ndipo zinachapishwa na kufungwa. Ukiwa na mbili za kweli na moja ya uongo, kimya. Fikiria ingekuwaje kama kingekubali moja moja: ungekaa hapo ukibadilisha majina mpaka lipatikane, na gemu ingekufa mkononi mwako. Kwa tatu, kubahatisha hakulipi, kwa sababu majina ni mengi na aina za vifo ni nyingi. Lakini ukiwa na uhakika wa wawili, wa tatu unaweza kumjaribu kwa dhana nzuri. Mwanya huo upo, na naona ni upole wa aliyeitengeneza. Amekaza pale panapohitaji kukazwa, amelegeza pale mtu anapoweza kukata tamaa.

Upole mwingine: uso wa mtu kwenye kitabu unakuwa na ukungu mpaka uwe umeona vya kutosha kumtambua. Ukungu ukiondoka, kitabu kinakuambia, rafiki yangu, ushahidi unao, kaa ufikiri. Hakikupi jibu. Kinakupa uhakika kwamba jibu linawezekana, na huo uhakika ndio unaomfanya mtu akae saa nzima akitazama kiatu cha baharia.

Sasa ngoja niitoe nje ya merikebu hii. Gemu nyingi hukupa nguvu kidogo kidogo: upanga mkali zaidi, ngao nzito zaidi. Mhusika anakua, wewe unabaki ulivyo. Katika gemu nzuri ya mafumbo mhusika habadiliki hata chembe, anayebadilika ni wewe uliyeshika pedi ya kuchezea. Outer Wilds ya mwaka 2019 imelisukuma jambo hili mpaka mwisho. Unaruka na chombo cha angani kwenye sayari chache, na baada ya dakika 22 jua linalipuka, unaamka tena pale pale ulipoanzia. Hubebi silaha wala ufunguo. Unabeba ulichojifunza. Mtu anayejua kila kitu angeweza kuimaliza katika mzunguko mmoja tu, na anayeicheza mara ya kwanza hawezi, kwa sababu mlango uliofungwa ni ujinga wake mwenyewe. Mimi sijui raha nyingine kwenye gemu inayoifikia hii.

Aina hii si ya jana. Katikati ya miaka ya 1970 Will Crowther, mtaalamu wa programu aliyependa kuchunguza mapango, aliandika gemu ya maneno matupu inayotokana na Mammoth Cave kule Kentucky, na mwaka 1977 Don Woods akaipanua. Picha zikaja baadaye. Mwaka 1993 Myst ikawaweka watu kwenye kisiwa kisicho na maelekezo yoyote, ikauzwa kwa mamilioni. Kwa hiyo anayesema watu hawataki kufikiri, historia haimuungi mkono.

Lakini nisiwadanganye, aina hii imewahi kuwakosea wachezaji wake, na vibaya. Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999 ina fumbo moja ambalo mashabiki bado wanalitaja. Unataka kukodi pikipiki kwa jina la mtu mwingine. Unatakiwa utengeneze sharubu kwa manyoya ya paka, uyanase kwa utepe wa gundi, uyabandike kwa sharubati nzito. Na yule unayemuigiza hana sharubu! Inabidi umchoree kwa kalamu kwenye picha ya pasipoti. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayefika hapo kwa kufikiri. Anafika kwa kugusisha kila kitu na kila kitu, amechoka, amekasirika. Fumbo la haki lina alama moja: ukipewa jibu unajipiga kofi la paja na kusema, nilikuwa naliona! Fumbo lisilo la haki, ukipewa jibu unauliza, ningelijuaje? Kwa kipimo hicho Obra Dinn inapita karibu kila mahali.

Nimesema karibu. Kuna mabaharia wa kawaida, wale wasio na cheo cha kujitofautisha, ambao mwisho wa gemu baadhi yao wachezaji wengi huwapata kwa kuondoa majina mpaka yabaki machache. Ushahidi wao upo, lakini ni mwembamba mno, na pale raha inashuka. Kero ya pili: ukitaka kulitazama tena tukio fulani, kitabu hakikupeleki. Inabidi utembee mpaka kwenye maiti yenyewe, upande ngazi, ushuke ngazi, ufungue saa. Mwanzoni kutembea huko kunakufanya uijue merikebu kuanzia omo mpaka tezi, na hilo ni zuri. Ukishafika watu 40 na unataka kulinganisha matukio mawili tu, kunachosha, na ningependa sana kungekuwa na njia ya mkato.

Sura yake sasa. Lucas Pope, mtengenezaji wa gemu hii, ambaye kabla yake alitengeneza gemu ya Papers, Please mwaka 2013, ameichora yote kwa rangi mbili tu. Kila nukta ya skrini ama imewaka ama imezima, kama kompyuta za Macintosh za zamani, ila hapa unatembea ndani ya merikebu yenye kina na umbo kamili. Picha za kusimama zinapendeza, lakini ikiwa mbele yako inatembea ndiyo utaelewa. Na haikufanywa kwa urembo peke yake. Kukiwa na rangi mbili, kila mstari uliochorwa una sababu ya kuwepo, na jicho lako linajifunza kuheshimu mistari. Muziki pia ni wa Pope mwenyewe: unaingia kwa kishindo tukio linapoganda. Wapo ambao nukta hizo zinawaumiza macho. Kwenye mipangilio unaweza kuchagua rangi za skrini nyingine za zamani, zijaribu kabla hujaiacha.

Ilitoka kwenye kompyuta Oktoba 2018, na mwaka uliofuata ikafika PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch. Haihitaji mashine ya nguvu sana. Wengi huimaliza kwa saa nane mpaka kumi hivi, na ni hizo tu, kwa sababu ukishajua hatima za watu wale huwezi kujisahaulisha. Wapo watakaoona hiyo ni hasara. Mimi naona gemu yenye kitu cha kusema imekisema.

Sasa, nani asinunue? Anayetaka kupumzisha akili baada ya kazi, aiweke kando mpaka siku ya mapumziko. Mwenye watoto wadogo chumbani awe makini, maana vifo vingine ni vya kutisha kweli hata bila rangi. Na asiyependa kusoma atapata shida, kwa kuwa kitabu ndicho nusu ya gemu.

Nani ainunue? Wewe uliyewahi kubishana na mwenzako kuhusu nani mhalifu, hadithi ikiwa haijafika nusu. Tena icheze na huyo mwenzako, mmoja ameshika pedi, mwingine ameshika kalamu. Ni gemu ya mtu mmoja, lakini macho manne yanaona mkono uliokosa kidole kabla ya macho mawili.

Ukianza, zingatia mambo mawili. Usikimbilie kujaza majina unapoona tukio. Lizunguke kwanza, utazame walio mbali na kifo kuliko wale walio karibu nacho. Na ukikwama, usifungue video ya mtu yeyote ya majibu, hata yangu. Rudi kwenye ule mchoro wa mabaharia, chagua mtu mmoja ambaye hujawahi kumjali, umfuate tukio kwa tukio.