Spinraza au Evrysdi: sindano ya mgongo au dawa ya kunywa kwa mwenye SMA (ugonjwa wa kurithi unaoua neva zinazoendesha misuli)?

Inategemea mgonjwa ni nani, maana SMA ya kichanga anayelegea kabla ya miezi 6 sio ile ya mtu aliyeanza kuishiwa nguvu za miguu ukubwani.

Spinraza inachomwa kwenye uti wa mgongo, dozi 4 ndani ya miezi 2 hivi halafu moja kila miezi 4, kwahiyo katikati hapo unapumua, ila kwa mtu mzima mwenye mgongo uliopinda au uliowekwa vyuma hiyo sindano ni kasheshe, wengine mpaka CT scan itafute pa kupita. Hapo Evrysdi inashinda wazi, ni mdomoni au kwa mpira wa kulishia, kila siku bila kuruka. Ya maji inakaa friji na chupa ikifika siku 64 unamwaga, kwenu umeme ukisumbua jipange (siku hizi vidonge vipo).

Bei? Zote balaa. Marekani Spinraza ilitoka na dola 750,000 mwaka wa kwanza, kisha 375,000. Evrysdi kwa wadogo inapimwa kwa uzito, so kichanga hutumia kidogo.

Zote hazifufui neva iliyokufa, so kwa kichanga chukua inayopatikana mapema.