Habla au hable? Kuamuru kwa tú na kwa usted

Kwa mwanafunzi wa Kihispania wa Bukavu, tú ni kama tu ya Kifaransa, na usted ni vous ya kumwambia mzee wa Kadutu.

Amri ya tú ni nyepesi kwa vitenzi vingi: chukua wakati uliopo wa "wewe", ondoa s. Hablas (unasema) inakuwa habla, comes (unakula) inakuwa come, escribes (unaandika) inakuwa escribe. Basi.

Usted ndiyo inayosumbua. Anza na hablo (ninasema), ondoa o, kisha geuza irabu: vitenzi vya -ar vinapata e (hable), vya -er na -ir vinapata a (coma, escriba). Kiswahili kinasaidia nusu ya njia: sema huwa useme, kama habla inavyokuwa hable. Lakini kwa comer (kula) mambo yanageuka kichwa chini: come ni ya tú, coma ni ya usted, na hapo wengi huteleza. Kifaransa nacho kinadanganya: parlez inatoka moja kwa moja kwenye vous parlez, kwa hiyo mtu anaandika "habla usted" akidhani ameamuru kwa heshima. Hiyo ni "wewe mzee unasema".

Tahajia pia hubadilika kwa usted ili sauti isipotee: pagar (kulipa) inatoa pague, buscar (kutafuta) inatoa busque. Kwa tú ni paga na busca tu.

Kiwakilishi hunatishwa nyuma kwa zote mbili, na mara nyingi alama ya mkazo huongezwa: háblame, hábleme (sema nami). Watu wengi? Ongeza n kwa usted: hablen, coman.

Ukiwa na haraka, jifunze usted kwanza. Amri za kukataza, hata za tú, hutumia irabu hiyohiyo: no hables (usiseme).